Wimbo Huu ni wa Nani?

Ndugu msomaji, naomba nikuulize: wimbo ukishaingia kwenye televisheni, unabaki kuwa wa nani?

Juzi, nyumbani Tengeru, tulikuwa tukitazama tamthilia. Ikafika harusi ya matajiri, magari yanang'aa, keki ndefu kama mnara. Mara ukapigwa "Malaika". Wadogo zangu wakashangilia. Babu akaguna: "Mjukuu wangu, huyo wa kwenye wimbo si hana hela ya kuoa? Sasa hawa wanachekelea nini?"

Jamani, nilikosa jibu. Fadhili William alivuma nao miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba, hata Boney M. Ubishi kwamba mtunzi ni yeye au Adam Salim haujaisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda mfuko wa mtunzi. Je, kilio chake kinalindwa na nani?

Utasema wimbo ni kama maji ya mto Themi, kila mtu achote. Sawa, ila anayechota juu akumbuke kuwa na wa chini wanakunywa. Wala sisemi wimbo wa maskini usipigwe kwa tajiri. Ukipigwa makusudi, ili umchome, hapo umeheshimiwa. Kosa ni kuupiga bila kuusikiliza.

Usiku ule nikafungua daftari la riwaya yangu. Sura ya nne, wapenzi wamekumbatiana, redio inapiga "Malaika". Nikaufuta. Nitaurudisha siku kijana wangu atakapokosa mahari.