Kiwango cha Nani?

Mwezi uliopita, kwenye semina ya siku tatu ya wahariri wa majarida na watafiti chipukizi, mwalimu mwenzangu wa hapa Masoko alimpa mwezeshaji makala yake. Ilieleza namna wakulima wa Rungwe wanavyoutambua udongo unaofaa migomba kwa kuushika na kuunusa. Mwezeshaji alisoma ukurasa wa kwanza, akairudisha. "Mada ni ya mahali padogo," alisema. "Kwanza mjengewe uwezo, mkijue kiwango." Mwalimu akasema asante. Mimi hasira haijanitoka hadi leo.

Uwezo ni nini, kamusi imeshaeleza, nami sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni hiki: anayesema fulani hana uwezo, amejuaje?

Ni kweli kwamba miswada mingi ni mibovu, na kwamba majarida ya kitapeli yanayomtoza mwandishi pesa bila kumsoma yameumiza vijana wengi. Mafunzo hapo yanasaidia.

Nisichoweza kukivumilia ni ile kauli kwamba kiwango ni kimoja dunia nzima, na anayekilalamikia ameshindwa kukifikia. Nimeisikia kwa maprofesa, kwa wahariri, hata kwa wanafunzi wangu. Wanaisema kana kwamba kiwango kimejiotea kama nyasi. Kiwango huwekwa na watu walioketi kikao. Hiki Kiswahili sanifu ninachoandikia kilipata msingi wake Mombasa mwaka 1928, kikao kilipochagua Kiunguja. Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka bin Haji, kikawekwa kando. Uamuzi ule una faida, na matunda yake ninayala. Lakini ulikuwa uamuzi, na Mmvita hakuamka kesho yake akiwa amepungukiwa na lugha.

Na huo udogo wa mahali hupimwa kwa kipimo gani? Ziwa Masoko limo ndani ya kasoko ya volkano, na upana wake haufiki kilomita moja. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa samaki wake: spishi moja iliyo katika kugawanyika, wa manjano karibu na ufuko, wa buluu kilindini. Waandishi walikuwa kumi, mmoja wao Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Udogo wa ziwa haukuwazuia. Naona hata uliwafaa. Nikisema hivyo najibiwa kwamba wale walipima jeni, mwalimu ana pua tu. Sawa. Basi aulizwe ni wakulima wangapi, mashamba yapi, walikosea mara ngapi. Hayo ni maswali ya mhariri, na hakuna hata moja lililoulizwa.

Kila nikifika hapa humkumbuka Leonard Mwaisumo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walipotafiti maisha ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, karani huyu alikuwa msaidizi wao. Alifariki 1938, hajatimiza miaka thelathini. Kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka 1951 na kikasomwa mbali. Ilipita miongo mingi ndipo mwanahistoria Andrew Bank akaandika makala juu ya Mwaisumo mwenyewe. Nani hapo alimjengea mwenzake uwezo? Wageni walileta mbinu za taaluma yao. Yeye alijua nani aulizwe, na kwa maneno gani asichukie. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado siwezi kutenganisha mafunzo ya huyu na ya yule.

Kwa hiyo siwezi pia kusema mafunzo ya mhariri yaanzie wapi. Kuna siku nadhani yaanzie shambani. Siku nyingine naona mhariri wa mbali anaweza kuona kile ambacho mwenyeji amekizoea mno. Makala ya mwalimu ina kurasa kumi na nane. Mhariri, ikikufikia, tafadhali fungua ukurasa wa pili.