Je, Aliyepona Saratani Ana Haki ya Kulalamika?

Kuna neno ambalo sote tumelisikia, na wengi wetu tumelisema, tena kwa nia njema kabisa. Mtu aliyetibiwa saratani miaka kadhaa iliyopita asema kwamba miguu yake yawaka moto usiku, au kwamba mkono wake umevimba hata hawezi kuinua ndoo, au kwamba akipanda kilima kidogo tu pumzi yamwishia. Nasi twamjibu: "Mshukuru Mungu, u hai." Neno hilo ni la kweli. Lakini yafaa tulichungue, kwa maana mara nyingi lamfunga mtu kinywa. Swali tunalowawekea wasomaji wetu juma hili ni hili: je, mtu aliyeokolewa katika mauti amepoteza haki ya kusema kwamba anaumwa?

Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa kuwa wengi hudhani kwamba maumivu yajayo baada ya matibabu ni mabaki ya saratani, au ni uzee, au hata ni mkono wa mtu. Si hivyo sikuzote. Dawa za saratani ni kali kwa sababu adui anayepigwa ametoka katika mwili wenyewe, naye afanana na wenyeji. Ukimpiga yeye, na wasio na hatia huumia. Dawa iitwayo doksorubisini, ile ya rangi nyekundu, imewaokoa watu wengi sana. Lakini huweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu huo huenda usijionyeshe mpaka miaka 10 au 20 ipite. Sisiplatini huweza kuharibu masikio na figo. Vinkristini hugusa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani aweza kupata saratani ya matiti akiwa bado kijana. Mwanamke aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani aweza kuvimba mkono, maana maji ya mwili yamekosa njia yake ya zamani. Si kila aliyetibiwa hupatwa na mambo haya, wala hatutaki kumtisha mtu. Wako wengi waishio salama salimini.

Hapa kwetu Tanzania saratani iwapatayo wanawake wengi kuliko nyingine ni ile ya mlango wa kizazi. Wengi wao hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea, hata upasuaji peke yake hauwezi tena kuwa tiba, na hapo dawa kuu ni mionzi. Kwa miaka mingi wamesafiri kutoka mikoa yote kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, yenye jengo la kale la Wajerumani karibu na bahari. Na siku hizi Bugando, Mwanza, nako hutolewa mionzi. Tiba hiyo imewarudisha nyumbani akina mama wengi waliokuwa wamekwisha kuliliwa. Lakini nyonga ni chumba chembamba chenye wapangaji wengi: kibofu kimo, utumbo umo, mifuko ya mayai imo. Mwanamke wa miaka 38 hukoma hedhi kwa ghafula. Njia ya uzazi yaweza kubana na kukakamaa, hata tendo la ndoa likawa mateso. Na miaka baadaye damu yaweza kuonekana katika mkojo au katika haja kubwa.

Mama huyo atamwambia nani? Mumewe huenda akadhani amechukiwa. Mawifi huenda wakasema maneno. Majirani waliomchangia nauli na fedha za kujikimu mjini watamwona hana shukrani: jana tulimchangia asife, leo ananung'unika juu ya mambo ya chumbani! Basi hunyamaza. Nasi twaona kwamba kimya hicho chamtwika mzigo usio wa lazima, maana baadhi ya shida hizo zina msaada. Viko vifaa vya kutanua njia iliyobana na mafuta ya kulainisha. Ziko tiba za utumbo na za kibofu. Na damu inayotoka yapaswa kuchunguzwa ijulikane kama ni kovu la mionzi au ni ugonjwa unaorudi. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Watakaotupinga wana hoja, wala si hoja dhaifu. Watasema: madaktari hawakumdhuru kwa uzembe, bali walichagua baya dogo wamwepushe na baya kubwa, na walifanya vema. Watasema tena kwamba wako waliokufa wakingojea zamu yao, ambao wangalifurahi kuwa na mkono uliovimba kuliko kuwa kaburini. Yote hayo twayakubali. Lakini fikirini mtu aliyetumbukia kisimani. Wenzake wamemvuta kwa kamba, na kamba imemchuna ngozi ya kwapani. Hakuna anayeishitaki kamba. Wala hakuna mwenye akili timamu amwambiaye, "Usifungwe vidonda, kwa kuwa tusingalikuvuta ungalikufa." Shukrani ni deni la aliyeokolewa kwa waliomwokoa, kunyamaza si sehemu ya deni hilo. Adaiye kimya kuwa malipo ameigeuza huruma yake kuwa biashara.

Tena malalamiko ya waliopona yameleta faida ambayo hatungaliipata kwa njia nyingine. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Marekani aliyewatibu watoto, Giulio D'Angio, aliwaandikia wenzake kwamba kumponya mtoto peke yake hakutoshi. Wakati ule neno hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa kupona kwenyewe kulikuwa bado jambo jipya. Mwaka 1994 ukaanza huko Marekani na Kanada uchunguzi mkubwa wa kuwafuatia watu waliopata saratani utotoni kati ya mwaka 1970 na 1986. Waliulizwa, nao wakasema. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006, ya watu zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba miaka 30 ikitimia tangu ugonjwa kugunduliwa, karibu 73 katika kila 100 huwa wamepata ugonjwa wa kudumu, na kama 42 katika 100 huwa wamepata ulio mkali, wa kulemaza au wa kuhatarisha maisha, au wamekufa kwa ajili yake.

Hesabu hizo ni za nchi zile na za dawa za wakati ule. Tusizihamishie kwetu kama zilivyo. Lakini angalieni kilichofuata. Madaktari walipojua madhara, walipunguza. Mionzi ya kichwani kwa watoto wenye saratani ya damu ilipunguzwa, na kwa wengi ikaachwa kabisa. Mionzi ya kifuani kwa wenye saratani ya tezi iitwayo Hodgkin ikapunguzwa ukubwa na nguvu. Ile dawa nyekundu ikawekewa mipaka. Mwaka 2016 uchunguzi uleule ulieleza kwamba, miongoni mwa waliovuka miaka mitano, waliokufa kabla ya kutimiza miaka 15 tangu kugunduliwa walishuka kutoka 12.4 katika 100 kwa waliougua mwanzoni mwa miaka ya 1970, hata 6 katika 100 kwa walioougua miaka ya 1990. Kama watu wale wangaliridhika na kuambiwa "u hai, nyamaza," watoto wa leo wangalitwishwa mzigo uleule.

Liko swali la pili, nalo latusumbua zaidi: je, daktari amweleze mgonjwa madhara ya mbali kabla ya kumtibu? Wengine husema hapana. Mgonjwa mwenye hofu akisikia habari za moyo na figo atatoroka wodini, arudi baada ya miezi sita akiwa hatibiki. Hofu hiyo si ya kubuni. Hata hivyo hatuwezi kukubali kwamba dawa ya hofu ni kumficha mtu habari za mwili wake mwenyewe. Ukweli una kipimo na wakati wake: siku ya kwanza yatosha kumwambia kwamba asipotibiwa atakufa, na kwamba tiba ina gharama mwilini, nyingine za sasa na nyingine za baadaye. Mengine na aelezwe kidogo kidogo, lakini yote ayajue kabla hajaruhusiwa kwenda zake.

Haki hiyohiyo yawahusu na wachumba. Watoto wa Afrika Mashariki wenye uvimbe wa taya, ule ulioelezwa na Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, hutibiwa kwa siklofosfamidi, na dawa hiyo ikitolewa kwa wingi yaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Kijana wa namna hiyo akioa na mtoto asipatikane, sote twajua atakayelaumiwa: ni mke. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Bali kumdanganya mchumba makusudi juu ya jambo hilo ili akubali kuolewa ni habari nyingine, na kwaweza kuibatilisha. Kijana aliyepona na aende kupimwa, kisha amwambie mchumba wake kwa kinywa chake mwenyewe. Nao wazazi wasimshauri afiche, ati kwa sababu mahari imekwisha kupelekwa.

Mwisho twawaomba wazazi wa watoto waliotibiwa jambo moja la kazi. Kabla hamjaondoka hospitali, ombeni cheti kilichoandikwa majina ya dawa zote alizopewa mtoto, kiasi chake, mahali mionzi ilipopigwa, na miaka yake. Mtoto wa miaka minne hatakumbuka kitu. Akifika miaka 30 naye ahema katika zahanati ya mbali, tabibu asiyejua habari za dawa nyekundu huenda akamtibu pumu. Kiwekeni cheti hicho pamoja na kile cha ubatizo, na nakala yake apewe mwenyewe siku atakapotoka nyumbani kwenda kujitegemea.