Kitabu Si Rafiki

Tangu shule ya msingi tuliambiwa kwamba kitabu ni rafiki. Nimesoma na kuandika hadi nimeota mvi, na kauli hiyo sasa naikataa. Kitabu hakinuni. Ukikitupa kabatini miaka kadhaa, hakikuulizi ulikuwa wapi, wala hakikudai kitu. Urafiki usio na kudaiana ni urafiki gani?

Anayenidai ni mzee wa rika langu, mkulima wa majani chai huku Konoin, Bomet. Utomvu umemkolea vidoleni, ule mweusi usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia, na kila ukurasa alioupenda hubaki na alama ya dole gumba. Macho yangu hayawezi tena herufi ndogo, hivyo yeye ndiye msomaji. Karani akishapima majani, tunakaa palepale kituoni kungoja lori la kiwanda, ambalo mvua ikinyesha huweza kufika usiku. (Na Kericho na Bomet mvua haiombwi.)

Majuzi tulikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Ujanani nilimwona Karama peke yake, mshtakiwa anayejitetea barazani siku baada ya siku, na ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi. Mwenzangu hakushughulika naye sana. Aliwashikilia wale wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mema ya kuifaa nchi yao, na waliporudi wakatiwa gerezani.

"Mwalimu," akaniuliza, "hawa huko kwao hawakuwa na hata mwenzao mmoja?"

Nikamweleza kwamba mwandishi alikuwa akiwasuta watawala, tena chini ya ukoloni wa Mwingereza. Akasema mtawala anaweza kumfunga mtu, lakini kumsadiki mtu ni kazi ya jirani.

Bado naona anamwonea Shaaban Robert. Hata hivyo swali lake limenivuruga, kwa sababu maisha yangu yote niliamini neno zuri hujitafutia njia lenyewe. Mjumbe aliyesema kweli tupu alifungwa sawa na muongo. Kilichokosekana si ufasaha. Ni mtu aliyekuwa tayari kumwamini kabla hajafungua mdomo. Ndivyo ilivyo hata kwa historia ya huku kwetu: Taaitta Toweett, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, alichapisha mwaka 1979 historia ya Wakipsigis iliyotokana na masimulizi ya mdomo. Kazi ya namna hiyo haianzi kwa kalamu. Huanza pale mzee anapomtazama anayeuliza na kuona huyu anafaa kuambiwa.

Msomaji wa mbali hana deni kwangu: akichoka anafunga kitabu, na ni haki yake. Huyu wa kituoni hawezi. Nikimpa mswada wangu anisomee, huruka aya anazoziona ni maneno matupu, kimyakimya, kana kwamba hazipo. Mwanzoni nilikasirika. Siku hizi natega sikio nijue ameruka wapi, na nikifika nyumbani nazifuta. Imebaki moja tu, inayomsifu yeye, ambayo tunaigombania hadi leo.