Bangi na Watoto Wetu: Wajibu wa Kusema Nao



Uharamu wa bangi si jambo jipya, wala si la kutafutiwa hila. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kutufundisha kuwa kila kileweshacho ni haramu. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alitoa fatwa kuwa hashishi, itokanayo na mmea huu huu, imo katika hukumu hiyo. Basi leo hatukukusudia kuthibitisha hukumu. Twataka kuuliza: sisi wazazi tumewaambia nini watoto wetu?

Wengi wetu hatusemi neno mpaka siku tunaponusa harufu katika nguo za kijana. Hapo ndipo sauti hupanda na bakora hutoka, na wengine humfukuza nyumbani. Naye akifukuzwa, ataenda wapi ila kwa wale wale waliompa msokoto wa kwanza?

Tutazame mwendo wa Mtume. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamwita karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angeridhia mamake, bintiye au dadake afanyiwe jambo hilo. Kisha akamwekea mkono, akamwombea dua. Hakumhalalishia haramu, wala hakumvunjia heshima.

Basi enyi baba na mama, mkalisheni kijana wenu faraghani, si mbele ya watu. Muulizeni kwanza: ameona nini, nani humpa, ni dhiki gani aikimbiayo. Msikilizeni mpaka amalize. Kisha mwambieni kweli, wala msiitie chumvi. Mkimwambia kuwa avutaye mara moja hurukwa na akili, naye amemwona mwenziwe amevuta na kesho yake yu mzima, hatawaamini tena hata katika yaliyo kweli.

Na kweli yenyewe yatosha. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25. Bangi hudhoofisha kumbukumbu na makini ya mwanafunzi. Aianzaye angali mdogo hutekwa nayo kwa wepesi zaidi kuliko mtu mzima, na wako ambao huwaletea wazimu, khasa ikiwa maradhi hayo yamo katika ukoo. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya madawa ya kulevya humtia hatiani hata aliyeshikwa na kidogo.

Liko na neno moja chungu. Baba akeshaye barazani na miraa shavuni mpaka sala ya alfajiri ikampita, atamkataza vipi mwanawe moshi? Mtoto hufuata alionalo kabla ya aambiwalo.

Na kijana aliyekwisha kunaswa ni mgonjwa wa kutibiwa. Apelekwe kwa tabibu, na mlango wa nyumba usifungwe mbele yake, ilhali mlango wa toba kwa Mola wake u wazi.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujikinge na Moto sisi na watu wetu. Kinga hiyo haipatikani kwa kunyamaza. Twamwomba atupe ulimi mpole na subira ya kusikiliza, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.