Mtihani wa Mtoto, Mtihani wa Ndoa



Wakati wa mafundisho ya Kipaimara, wazazi huniuliza swali moja kila mwaka: "Katekista, mbona watoto wa siku hizi hawana maadili?" Mara nyingi anayeuliza ni baba aliyesimama mlangoni, amemleta mtoto na ana haraka ya kuondoka. Leo ningependa tulichukue swali hilo tulirudishe nyumbani, kwa baba na mama, maana ndiko lilikotoka.

Kwanza, maadili ni nini? Wengi wetu tukisikia neno hili twafikiria adabu tu: kuwaamkia wakubwa, kuvaa kwa heshima, kutorudi nyumbani usiku. Hayo ni mema, lakini ni ganda la nje. Neno hili lina undugu na neno adili, yaani mtu mwenye haki, mnyofu. Kwa hiyo maadili ni yale mambo ambayo mtu huyathamini kiasi cha kukubali kupata hasara kwa ajili yake. Ukisema kwamba unaupenda ukweli, hebu jiulize umewahi kupoteza nini kwa sababu ya kusema kweli. Kama hujapoteza hata shilingi moja, huenda ukweli kwako ni jambo la kusifu tu.

Wazee wetu walikuwa na neno jingine zuri, nalo ni utu. Mtu aliweza kuwa na shamba kubwa na mifugo mingi na bado wakasema hana utu. Imani yetu yatufundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo hadhi yake haitokani na mali wala cheti. Lakini mtoto hazaliwi akiwa anajua jambo hilo. Ni lazima alelewe mpaka alione, ndani yake mwenyewe na ndani ya jirani.

Nani atamlea hivyo? Mnakumbuka siku ya harusi yenu, kabla ya kuweka ahadi, padre aliwauliza kama mko tayari kuwapokea watoto kutoka kwa Mungu na kuwalea kadiri ya sheria ya Kristo na Kanisa lake. Mlijibu ndiyo, mbele ya mashahidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, uliwaita wazazi walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo inawapa wajibu huo kwa maneno mazito, na haiutenganishi wa baba na wa mama.

Sisi Wakenya hatuna uhaba wa orodha za maadili. Katika mfumo wa 8-4-4, shule za sekondari zilikuwa na somo la Elimu ya Jamii na Maadili, kisha likaondolewa mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 10, imetaja uzalendo, utu, haki, uadilifu na uwajibikaji. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwalimu aingize upendo, heshima, amani na uadilifu katika kila somo. Yote haya ni mazuri, nami nawaonea huruma walimu wanaobebeshwa mzigo huo. Mtoto husikia shuleni kwamba uadilifu ni jambo jema, halafu jioni hurudi nyumbani kutazama kama ni kweli.

Hebu niwaeleze yaliyotokea katika familia moja iliyonijia. Sitawataja.

Kijana wao alikuwa kidato cha nne. Majuma machache kabla ya mtihani, baadhi ya wazazi walianza kuchanga pesa kimyakimya ili wanunue karatasi kabla ya siku yake. Waliita mchango huo "motisha". (Sisi hodari sana wa kuupa wizi jina la heshima: chai, kitu kidogo, motisha.) Baba akatoa fungu lake. Mama alipogundua, alikasirika akamgombeza mumewe mbele ya watoto wote, akamwita mwizi. Majuma mawili hawakusemezana, chakula kikawekwa mezani bila neno. Mwishowe kiongozi wa Jumuiya aliwashauri waje kwangu.

Baba alisema maneno ambayo sikuyadharau. Alisema: "Katekista, niliuza mtamba wangu kulipa karo. Wengine wote wananunua. Wataka mwanangu pekee ndiye aanguke kwa sababu baba yake ni Mkatoliki?" Huyu si mtu mwovu. Ni mzazi mwenye hofu, na hofu ya mzazi ni ndugu wa karibu wa upendo. Ukimjibu kwa mahubiri tu atakwenda zake akiwa na uchungu zaidi.

Nilimwuliza kama kijana anajua. Akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu kwamba kijana anajua, kwani ndiye aliyetumwa kuipeleka ile bahasha.

Hapo ndipo palipo na donda, wapendwa. Sheria ya nchi ya mwaka 2012 inahesabu kuwa kosa la jinai kupata karatasi ya mtihani kabla ya wakati, na mzazi aweza kufungwa. Mwaka 2015 udanganyifu ulienea hata matokeo ya maelfu ya watahiniwa yakafutwa, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Tangu mwaka huo karatasi huwekwa katika makontena yenye kufuli na polisi wa kuyalinda. Siku hizi matapeli wengi huuza karatasi za uongo kupitia simu, na mzazi hawezi kwenda kushtaki kwamba ameibiwa akinunua wizi. Lakini hata kama karatasi ingekuwa ya kweli na polisi wote wamelala, kijana huyu amekwisha kupokea somo lake. Amefundishwa na babake kwamba jasho lake mwenyewe halitoshi, kwamba babake hamwamini, na kwamba mbele ya jambo kubwa imani huwekwa kando kidogo. Ataoa akiwa na somo hilo. Siku moja atakuwa daktari, fundi au karani, na mtu atamletea bahasha.

Kwa mama pia nilikuwa na neno. Alikuwa na haki katika jambo lenyewe, lakini kumwita mumewe mwizi mbele ya watoto hakukuwafundisha watoto ukweli. Kuliwafundisha kwamba ukweli ni rungu la kumpigia mwenzako. Mambo kama haya huzungumzwa chumbani, mlango umefungwa, na ikibidi yazungumzwe usiku kucha. Kisha baba na mama hutoka wakiwa na neno moja.

Walizungumza. Baba alikwenda kudai pesa zake akarudishiwa nusu. Nusu nyingine ilipotea. Kisha, na hili lilimgharimu kuliko pesa, alimwita kijana akamwambia: "Nilikosea kukutuma." Kijana akafanya mtihani kwa akili yake, akapata alama ya C, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme. Wenzake wawili wa kijiji walipata alama kubwa kuliko yake na hakuna aliyewauliza lolote. Hadi leo baba huyo hunung'unika akiwaona. Sitawadanganya kwamba anayetenda haki hulipwa papo hapo.

Huenda nyumbani kwenu hakuna mtahiniwa mwaka huu. Lakini maadili hufundishwa zaidi katika mambo madogo kuliko makubwa. Simu inapolia na mama akamwambia mtoto, "Mwambie sipo," hilo ni somo. Pesa za mgeni zikiingia katika simu ya baba kwa makosa, mwenyewe akapiga kuziomba, watoto husikiliza kila neno tutakalojibu. Makanga akisahau kudai nauli ya mtoto, mtoto hututazama usoni. Mfugaji akitia maji kidogo ndani ya maziwa kabla ya gari la ushirika kufika, ni nani aliyetumwa kuleta maji hayo?

Tena kuna lile ambalo watoto husoma kuliko yote, nalo ni namna mnavyoishi ninyi wawili. Mume anayemficha mkewe mshahara, mke aliye na deni la siri katika chama, hao wana shida ya ndoa, na pia wanaendesha shule. Binti hujifunza uaminifu hapo kabla hajaambiwa neno lolote juu ya usafi wa moyo. Kijana anayemwona babake akimpisha mamake aseme mpaka amalize amekwisha kuelewa heshima, hata kama hajui kuieleza.

Methali yasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni methali nzuri, ila naona akina baba wengi wamejificha nyuma yake. Mtoto akiharibika, ni "mtoto wako". Akifaulu, ni "mtoto wangu". Mababa, methali hiyo haikuwapa likizo.

Wengine mtasema hamkusoma, hamwezi kufundisha. La hasha! Haihitaji digrii kumweleza mtoto kwa nini mnafanya jambo. Siku mnaporudisha chenji iliyozidi, msiirudishe kimya. Mwambieni: "Pesa hizi si zetu, yule muuza duka atazilipa jioni kutoka mfukoni mwake." Hapo mtoto anamwona mtu nyuma ya pesa, na huo ndio utu. Na mkimkosea mtoto, mwombeni msamaha. Hamtapungua.

Kabla ya kulala leo, baada ya sala, zungumzeni kwa upole maswali haya, bila kunyosheana vidole. Ni jambo gani jema ambalo familia yetu imewahi kulipia hasara, na watoto wanalijua? Ni jambo gani tunalowakataza watoto na sisi wenyewe tunalitenda? Na mwezi huu tulipokuwa tukipanga mambo ya pesa kwa sauti ya chini, tukidhani tuko peke yetu, mtoto alikuwa wapi?