Nani Anadaiwa Taka?

Bibi mmoja wa kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Mpiji, upande wa Bagamoyo, aliandikiwa deni la ada ya taka la miezi kadhaa. Gari la taka halifiki kwake. Huishia kwenye lami, kwa sababu mchanga wa njia yao haulipitishi. Alipouliza analipia nini, kijana mwenye kitabu cha stakabadhi akamjibu, "Bibi, si unakula? Anayekula anazalisha taka." Waliokuwepo walicheka. Mimi jibu lile limenikaa kooni, maana linagusa jambo kubwa kuliko ada yenyewe: mtu huingiaje deni?

Kwamba ada hulipwa kwa huduma na kodi hulipwa kwa mamlaka, hilo tulishakubaliana. Kwamba mchafuzi agharimie uchafu wake, limo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tuyavuke hayo. Ugumu ni kumjua mchafuzi.

Hebu tuichukue hoja ya kijana yule kwa uzito ambao yeye mwenyewe hakuupa. Bibi anakula muhogo, na maganda wanakula mbuzi. Vifuu na makumbi ni kuni zake. Miba ya samaki paka wanaimaliza. Chupa ya maji ikitupwa, haikawii kuokotwa na vijana wanaoziuza kwa kilo. Kinachobaki uani ni vifuko vya sabuni ya unga, pampasi za mjukuu na betri za tochi. Hakuna hata kimoja alichokitengeneza yeye. Tena vifuko ni vingi kwa sababu hana fedha za kununua mfuko mkubwa: ananunua sabuni ya leo leo, na kila siku inakuja na kifuko chake. Umaskini wake ndio unaogeuzwa ushahidi wa uchafuzi wake.

"Kila anayekula" maana yake ni kila aliye hai. Basi deni halitokani na tendo, linatokana na kuwepo. Mwenye jumba la ghorofa ndani ya ukuta Mapinga na bibi wa nyumba ya udongo wanaandikiwa kiasi kimoja, kwa kuwa wote wana kinywa. Pwani hii inayajua mahesabu ya namna hiyo. Wajerumani, ambao makao yao makuu ya kwanza yalikuwa hapa Bagamoyo, walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Kuwa na paa kulitosha kukufanya mdaiwa. Baada ya uhuru pia tulitozana kwa kuhesabu vichwa, mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Sasa kichwa kilekile kinahesabiwa upya, safari hii kwa jina la usafi.

Wanaoshikilia hoja hii husahau kwamba serikali yenyewe imeshaikana. Viroba vya pombe vilipopigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, hakuna aliyesema kwamba kila anayekunywa au kila anayekwenda sokoni achangie. Marufuku iliwaendea hasa waliotengeneza, walioingiza na waliouza. Ilijulikana basi kwamba uchafu una chanzo, na chanzo kina mlango wake. Kwa nini kijijini mlango huo hauonekani?

Wapo wenye hoja za haki zaidi. Gari la taka halitembei bila dizeli. Moshi wa plastiki inayochomwa uani unawaumiza watoto. Kipindupindu hakichagui nyumba. Yote nayakubali.

Lakini ngoja niseme juu ya majaa, kwa sababu nayapenda. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, sehemu kubwa ya alichotueleza aliipata katika vitu vilivyotupwa: vigae vya vyungu, vipande vya mabakuli ya Kichina, shanga, mifupa. Mwenye bakuli la Kichina alilivunja, kipande kikabaki karne kwa karne. Mwenye kata ya kifuu na kitanga cha ukindu alitumia, vikaoza, akapotea navyo. Katika jaa la kale anayeonekana zaidi ni tajiri. Leo mambo yamepinduka. Taka za wenye nacho zinazozolewa Dar es Salaam hupakiwa na kupelekwa mbali na macho yao, hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa jiji. Kifuko cha bibi kinabaki uani kwake, hakiozi, kila apitaye akione. Tunamdai anayeonekana.

Je, asilipe kabisa? Hapo nasita. Kijiji ni cha wote, na pampasi ya mjukuu wake ikiingia kisimani haitauliza ilitoka kiwanda gani. Huenda ana wajibu kwa majirani zake. Wajibu huo anaweza kuutimiza kwa jembe, kwa shimo, kwa siku ya usafi. Kutoka kwenye wajibu hadi kwenye stakabadhi ni safari ndefu, na sijaona aliyeitembea kwa hoja badala ya mabavu.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inataka sheria ndogo ya kijiji, kama ya ada ya taka, ijadiliwe kwanza na wanakijiji wenyewe. Msomaji, mkutano huo ukiitwa kwenu, nenda. Kabla hamjafika kwenye bei, ulizeni gari litapita njia ipi, na mwenye kiwanda atalipa nini.