Usingizi wa Pono

Sisi tunaofundisha Kiswahili bara, mbali na bahari, aghalabu huwafundisha vijana semi ambazo asili yake hatujapata kuiona. Husema fulani amelala kama pono, tukaeleza maana, tukaendelea. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili akatuuliza: "Mwalimu, huyo aliyemwona pono amelala alikuwa akitafuta nini?"

Bila shaka alikuwa akitafuta kitoweo. Pono ni samaki wa miambani, mwenye meno yaliyoungana mithili ya mdomo wa kasuku. Mchana hukwangua mwani juu ya matumbawe yaliyokufa, akayasaga pamoja nao, na kimtokacho ni mchanga. Usiku hujibanza katika upenyo wa mwamba akalala. Aina nyingine hujifunika kwa utando wa ute. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi huko Australia walieleza kwamba utando huo huzuia vijidudu vinyonyavyo damu, wakaufananisha na chandarua! Mvuvi mwenye kurunzi na mkuki humfikia hapo bila taabu.

Je, ni haki kumchoma aliyelala? Wengi watajibu upesi kwamba si haki. Sisi twasita. Samaki aliyenaswa wavuni hana nafasi bora ya kujitetea, na watoto wa mvuvi hawashibi uungwana wa baba yao. Lililo zito, kwa maoni yetu, ni jingine. Wavu hauoni, mwenye wavu aweza kudai kwamba hakujua kitakachoingia. Mwenye mkuki humwona samaki wake mmoja mmoja, kimo na rangi, kabla hajamchoma. Naye hupenda mkubwa, mwenye rangi ya kijani na buluu. Huyo aghalabu ni dume, na katika aina nyingi za pono dume la namna hiyo lilianza maisha likiwa jike lenye rangi hafifu. Akiondolewa, jike mkubwa aweza kugeuka na kushika nafasi yake. Lakini wakubwa wakichomwa kila usiku, nani atageuka? Na mwani usio na wa kuukwangua huyasonga matumbawe.

Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku bunduki za kuvulia samaki mwaka 2001. Sababu zipo, ingawa marufuku ya namna hiyo humwelemea zaidi kijana asiye na mashua, ambaye chombo chake ni gongo, mpira na chuma. Tena ni yeye ajuaye pono hulala wapi.

Hayo tulimsimulia mwanafunzi wetu. Akauliza: "Sasa akishajua yote hayo, amchome au amwache?" Tukamwambia kwamba sisi tungemwacha yule mkubwa, tukatwaa wa kadiri. Akacheka, akasema, "Mwalimu ana mshahara."